Mpenzi wako hana karatasi

Leo nina swali moja, na ningependa mlijibu kimoyomoyo kabla hamjaendelea kusoma. Mpenzi wako hana karatasi. Mnafanyaje?

Sizungumzii noti. Nazungumzia pasipoti, kibali cha ukaazi, kitambulisho, cheti chenye muhuri. Walioko ughaibuni hawahitaji maelezo. Wanawajua watu waliobeba boksi miaka kumi na mitano huku wakisema karatasi zikitoka watakuja kumwona mama, na mama akazikwa na wengine. Lakini tusijidanganye kwamba karatasi ni matatizo ya Marekani na Uingereza peke yake. Huku nyanda za juu za Kigoma, Kasulu na Kibondo, kuna nyumba ambazo mmoja wa wenye nyumba ni raia na mwingine, kwa mujibu wa serikali, hayupo kabisa. Analima, analea watoto, anachangia misiba, lakini hayupo.

Gazeti lilinituma huku kuandika habari za Warundi wanaorudishwa kwao. Habari ile nimeshaituma. Haya ninayoandika hapa ni yale yaliyobaki kwenye daftari, na mengine hayakuhitaji daftari kwa sababu huku ni kwetu na baadhi ya watu ninaowasema ni ndugu zangu. Nitazungumzia nyumba tatu. Ya kwanza ni ya mwanaume Mtanzania na mke mgeni. Ya pili ni ya mwanamke Mtanzania na mume mgeni. Ya tatu ni ya watu wawili wa jinsia moja. Najua mkifika kwenye hiyo ya tatu baadhi yenu mtakunja uso. Vumilieni, twende taratibu.

Kwanza tuelewane kuhusu mahali penyewe. Waha na Warundi wanasikilizana. Kiha na Kirundi ni lugha mbili za mama mmoja, na mpaka uliowagawa waliuchora wakoloni. Watu wamekuwa wakivuka siku zote, kwa harusi, kwa mnada, kwa vibarua vya kulima mihogo na maharage. Halafu yakaja makundi makubwa ya kukimbia mauaji: mwaka 1972, kisha 1993 baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa mwezi Oktoba, kisha 2015 baada ya Pierre Nkurunziza kutaka muhula wa tatu. Kambi zikafunguliwa, zikafungwa, zikafunguliwa tena. Mtabila hapa Kasulu ilifungwa mwishoni mwa 2012. Nduta kule Kibondo ilifunguliwa upya Oktoba 2015. Mtendeli, Kakonko, ilifunguliwa Januari 2016 na kufungwa 2021. Nyarugusu ilianza 1996 kwa ajili ya Wakongo, na 2015 ikapokea Warundi pia.

Katika harakati zote hizo, mnadhani watu hawakupendana? Wengine hawakuingia kambini kabisa. Waliishia kijijini, wakapewa kazi, wakapewa kipande cha shamba, wakapata mchumba. Mwaka 2014 serikali yetu ilianza kugawa vyeti vya uraia kwa wakimbizi wa 1972 wapatao 162,000. Lilikuwa jambo kubwa ambalo dunia iliipongeza Tanzania, na ilistahili. Lakini mpango ule ulihusu makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Aliyekuwa amejichanganya kijijini Kigoma hakuwa kwenye orodha ile.

Basi tuingie nyumba ya kwanza.

Upande wa Mabamba, Kibondo, mwanaume wa Kiha ameoa mwanamke wa Kirundi. Kijijini hili halishangazi mtu. Mwanamke akiolewa anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza na habari inaishia hapo. Sheria nayo inamwonea huruma kidogo. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, kifungu cha 11, inampa mwanamke aliyeolewa na raia haki ya kuomba uraia wa tajnisi wakati wowote mumewe akiwa hai. Hahitaji kuhesabu miaka aliyokaa nchini. Mlango upo. Kizingiti chake ni kirefu, maana anatakiwa aje na cheti cha ndoa, na ndoa nyingi za huku zilifungwa kwa mbuzi na pombe ya ndizi mbele ya wazee. Anatakiwa pia ajieleze aliingiaje nchini, na yeye aliingia kwa njia ya miguu katikati ya mashamba, wakati watu wanakimbia risasi. Lakini mlango upo, na nimekutana na wanawake waliopita.

Sasa nyumba ya pili. Hapa naomba mniruhusu nizungumze kama mtoto wa nyumba, kwa sababu ni nyumba ya shangazi yangu.

Mume wa shangazi alivuka mwaka 1993 akiwa kijana. Alianza kwa vibarua, akaoa, wakajenga, wana watoto wanne. Watoto ni Watanzania, mama yao ni Mtanzania, shamba liko kwa jina la mama. Laini ya simu ya mzee nayo iko kwa jina la mama, kwa sababu tangu usajili wa alama za vidole uanze, huwezi kusajili laini bila kitambulisho kinachokubalika. Akisafiri na bodaboda, anashuka kabla ya kizuizi na kuzungukia mashambani, anakuja kupandia mbele. Amekuwa akishuka na kuzunguka tangu mimi sijazaliwa.

Sheria inamwambiaje? Kifungu cha 11 hakimhusu, kwani kinasema mwanamke. Yeye anaingia foleni ya wageni wote: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka kumi kabla ya hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua saba. Ajue Kiswahili au Kiingereza. Awe na tabia njema. Awe na mchango kwa taifa. Akitimiza yote, waziri bado anaweza kukataa, na halazimiki kutoa sababu. Mtasema, mbona huyu ana miaka thelathini na zaidi, saba ni nini kwake? Tatizo ni kwamba kwa vitendo miaka inayohesabiwa ni ile yenye kibali. Miaka ya kuzunguka kizuizi haihesabiki. Tena inageuka ushahidi dhidi yako: ukienda kusema nimekaa hapa tangu 1993, umekiri kosa la miaka thelathini.

Nilimuuliza shangazi, "Hivi kwa nini hamkwenda kuandikisha ndoa yenu mapema, wakati mambo yalikuwa rahisi?"

Akanijibu bila kuacha kuchambua maharage. "Mwanangu, kwenda kuandikisha ni kwenda kumwonyesha."

Jibu hilo nimetembea nalo wiki nzima. Ukitaka kuhalalishwa, ujitokeze. Ukijitokeza, unaweza kukamatwa. Kwa hiyo unajificha. Na kadiri unavyojificha, ndivyo unavyozidi kukosa ushahidi wa kukuhalalisha. Ni kama mlango uliofungwa na ufunguo umeachwa ndani.

Cha kuchekesha, kama kucheka kunawezekana, ni kwamba sheria yetu nyingine inawatambua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawaona kama mume na mke, itachukuliwa kwamba ni wanandoa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Yaani shangazi na mumewe wakigombana kesho wakaenda mahakamani kugawana mbuzi, hakimu anaweza kuwaona kama mume na mke. Wakitaka kuendelea kuishi pamoja kwa amani, dirisha la uhamiaji haliwaoni. Sheria inawatambua vizuri zaidi wakiachana!

Mwaka 2013 nilikuwa sekondari. Tarehe 29 Julai, Rais Kikwete akiwa Kagera alitoa wiki mbili kwa wahamiaji wasio na vibali waondoke wenyewe. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Mume wa shangazi hakusubiri. Aliondoka usiku, kwa miguu, na mfuko wa rambo wenye shati moja. Alirudi baada ya mavuno. Katika miezi hiyo shangazi hakuwa mjane, hakuwa ameachika, hakuwa na mume. Kwenye fomu ya shule ya mdogo wetu, sehemu ya baba, aliacha wazi. Sijawahi kusahau nafasi ile tupu.

Nawaomba mzingatie kwamba hapa hatuzungumzii mapenzi ya ajabu. Ni mume na mke, kanisani wanakwenda, mahari ililipwa. Kinachowatenganisha na nyumba ya kwanza ni kitu kimoja tu: nani kati yao ni mwanamke. Na upande wa pili wa mpaka hali si bora, maana Sheria ya Uraia ya Burundi nayo inampa nafasi mke mgeni na si mume mgeni.

Je, lazima iwe hivi? Hapana. Kenya walikuwa na kifungu cha aina hiyo hiyo kwenye katiba yao ya zamani. Katiba ya 2010, ibara ya 15, inasema mtu aliyekuwa kwenye ndoa na raia kwa miaka isiyopungua saba ana haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia. Mtu. Si mwanamke, si mwanaume. Botswana, mwanasheria Unity Dow, aliyeolewa na Mmarekani, aliishtaki serikali yake kwa sababu watoto wake waliozaliwa ndani ya ndoa hiyo hawakuhesabiwa raia, wakati mwanaume wa Botswana aliyeoa mgeni watoto wake walihesabiwa. Alishinda, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 1992. Sisi Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza ubaguzi, ukiwamo wa jinsia. Kifungu cha 11 bado kinasema mwanamke.

Naam. Tufike nyumba ya tatu.

Nikiwa hapa Kasulu nilipigiwa simu na rafiki niliyesoma naye Mlimani. Yuko Marekani. Alikwenda kwa viza ya masomo, masomo yakaisha, viza ikaisha, yeye akabaki. Anaishi na mwanaume mwenzake, raia wa kule. Mimi nilikuwa najua, wengine wengi hawajui. Akaniuliza, "Mwandishi, wewe si unasoma sheria sheria? Hivi sisi tuna njia gani?"

Nilimweleza ninayoyajua, na nayaweka hapa kwa sababu huenda yupo msomaji anayeyahitaji na hana wa kumuuliza.

Mpaka mwaka 2013 watu kama wao hawakuwa na njia ya ndoa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 ilisema kwa mambo ya serikali kuu ndoa ni ya mume na mke tu, kwa hiyo hata aliyefunga ndoa halali katika jimbo lililoruhusu, kwa idara ya uhamiaji hakuwa na mwenzi. Tarehe 26 Juni 2013, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliondoa kipengele hicho katika kesi ya Edith Windsor, mama mzee aliyetozwa kodi ya urithi baada ya mwenzake kufariki. Maombi ya uhamiaji ya wenzi wa jinsia moja yakaanza kupokelewa kama ya wengine. Tarehe 26 Juni 2015, katika kesi ya Obergefell, ndoa hizo zikawa halali majimbo yote, na Desemba 2022 Bunge lao likazitungia sheria ya kuzilinda.

Lakini kupokelewa maombi hakumaanishi umepona. Kinachoamua mambo ni ulivyoingia. Aliyeingia kwa viza akakaguliwa mpakani, hata kama muda wake umepita, akiwa na mwenzi raia kwa kawaida anaweza kuomba ukaazi akiwa humo humo ndani. Aliyeingia kwa kuruka mpaka kwa kawaida hutakiwa kutoka nje kwenda kuhojiwa ubalozini, na akishatoka tu anakutana na adhabu ya mwaka 1996: miaka mitatu ya kutorudi kama alikaa bila kibali zaidi ya siku 180, miaka kumi kama alikaa mwaka au zaidi. Tangu 2013 upo utaratibu wa kuomba msamaha wa adhabu hiyo kabla ya kuondoka, ukithibitisha kwamba mwenzi wako ataumia sana. Njia nyingine ni hifadhi, ile ambayo mtaani inaitwa kujilipua, ila hapa si hadithi ya kutunga, maana sheria za nyumbani kwao zinajieleza zenyewe. Hiyo nayo inatakiwa kuombwa ndani ya mwaka mmoja tangu kuingia, isipokuwa kwa sababu maalumu. Na ndoa ya makaratasi? Ukigundulika, umejifungia mlango moja kwa moja. Nikamwambia aende kwa wakili wa uhamiaji mwenye leseni, asiende kwa kishoka.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kaka, hiyo ya wakili nimefanya. Unajua ameniomba nini? Picha zetu tukiwa na familia. Barua za ndugu wanaotujua kama wanandoa. Nitazitoa wapi?"

Mnaliona tatizo? Ofisa wa uhamiaji anataka kujua kama ndoa ni ya kweli. Ni haki yake, matapeli ni wengi. Anataka mkataba wa nyumba wenye majina mawili, akaunti ya pamoja, picha za sikukuu, shahidi wa ukoo. Rafiki yangu miaka yote alihakikisha vitu hivyo visiwepo! Picha alifuta. Mama yake akipiga simu ya video, mwenzake anahamia jikoni. Alifanya hivyo ili abaki na mama. Sasa anaambiwa alete ushahidi wa maisha ya wazi, na yeye amefundishwa tangu utoto kwamba uwazi ndio utakaommaliza.

Hapo nilimsikia shangazi. "Kwenda kuandikisha ni kwenda kumwonyesha." Watu wawili hawa hawajawahi kuonana, na kama wangekutana sidhani kama shangazi angemkubali. Lakini wanaishi ndani ya mtego mmoja. Sheria inadai ushahidi wa maisha ya wazi kutoka kwa watu iliowafundisha kujificha.

Rafiki yangu ana bahati kuliko anavyodhani, kwa sababu alipo, mlango upo. Karatasi zake huenda zikatoka. Ila cheti chake cha ndoa kitaishia uwanja wa ndege. Akipanda ndege kuja Dar es Salaam na mwenzake, angani ni wanandoa, wakitua si kitu. Tena ni zaidi ya si kitu. Sheria yetu ya Ndoa inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inatoa kifungo kisichopungua miaka 30, mpaka maisha, kwa kile inachokiita kosa la kinyume cha maumbile. Burundi nao mwaka 2009 waliweka kwenye sheria zao za jinai kifungo cha miezi mitatu mpaka miaka miwili kwa uhusiano wa jinsia moja.

Kwa hiyo je, Mtanzania na Mrundi wa jinsia moja wanaopendana hapa Kasulu, mmoja wao hana karatasi, wana njia gani? Mtaniuliza kama nimekutana nao. Kama sijakutana nao, sina cha kuandika. Kama nimekutana nao, siandiki. Kwa kifungu cha miaka 30, hata jina la kitongoji ni jingi mno. Naweza kuandika kuhusu njia tu, na njia zenyewe zinahesabika haraka. Ndoa haipo. Kibali kupitia mwenzi hakipo. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ambalo itifaki yake ilianza kutumika Julai 2010, linamruhusu Mrundi kuingia Tanzania kihalali akiwa na hati ya kusafiria, na hiyo ndiyo nafasi pekee ya maana: aingie kama Mwafrika Mashariki, si kama mpenzi wa mtu. Ukimbizi je? Sheria yetu ya Wakimbizi ya 1998 inataja, kama ulivyo mkataba wa kimataifa wa 1951, anayeteswa kwa kuwa mmoja wa kundi fulani la kijamii. Lakini nani ataingia ofisi ya serikali kueleza habari ambayo katika chumba cha jirani ni kosa la jinai? Waganda waliokimbia sheria ya nchi yao ya 2014 walikwenda Kenya, wakasajiliwa, wengi wakapelekwa Kakuma, na huko nako wakashambuliwa na wakimbizi wenzao. Wengine walipelekwa nchi za mbali. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na foleni hiyo ikasimama nao.

Mtu ataniambia, "Hayo ya Ulaya, Afrika hatuna." Nimjibu kwa mahakama za Afrika. Tarehe 2 Desemba 1999, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba sheria ya wageni iliyowapa upendeleo wake na waume wa raia, ikawaacha wenzi wa kudumu wa jinsia moja, inavunja katiba. Zingatia mwaka: Afrika Kusini yenyewe ilikuwa bado haijaruhusu ndoa hizo, iliziruhusu 2006. Uhamiaji ulitangulia ndoa. Namibia, ambayo wapigania uhuru wake tuliwahifadhi hapa Tanzania, Mahakama ya Juu tarehe 16 Mei 2023 iliamua kwamba wenzi wa jinsia moja waliofunga ndoa halali nje ya nchi watambuliwe kwa ajili ya uhamiaji. Waliofungua kesi walikuwa watu wenye majina na nyumba: Daniel Digashu kutoka Afrika Kusini na mwenzake Mnamibia, na Anita Seiler-Lilles kutoka Ujerumani na mwenzake Mnamibia. Bunge lilikasirika na mwaka huo huo likapitisha miswada ya kupinga uamuzi ule. Kwa hiyo vita haikuisha, lakini ilipiganwa Windhoek, na Wanamibia wenyewe.

Mwingine ataniambia kuhusu mila. Sawa, mila. Kule Mara, Wakurya wana nyumba ntobhu: mwanamke, mara nyingi mjane au asiye na mtoto wa kiume, anaoa mwanamke mwenzake kwa mahari ili apate watoto wa nyumba yake. Si mapenzi ya jinsia moja, naomba nisinukuliwe vibaya. Ni mpango wa ukoo na urithi. Lakini ni ndoa ya kimila kati ya wanawake wawili, na Wakurya wapo Tanzania na wapo Kenya. Sheria ya 1971 haiitambui ndoa hiyo hata kidogo, na mwanamke aliyeolewa kwa namna hiyo kutoka ng'ambo ya mpaka naye hana dirisha la kwenda. Mila inajua nyumba za aina nyingi kuliko fomu inavyojua.

Mimi simtaki mtu yeyote abadili imani yake. Nina wazazi, nina kanisa, najua nikiandika haya nitaulizwa maswali Jumapili. Ninachosema ni kidogo. Serikali haihitaji kuipenda ndoa ya mtu ili iache kuivunja nyumba yake. Inahitaji kujua watu wawili hawa wameishi pamoja kweli, wanatunzana kweli, hawadanganyi. Maswali hayo yana majibu na ofisa yeyote mzuri anaweza kuyatafuta. Lakini sheria zetu zinaanza na swali jingine: wewe ni nani? Mke? Mume? Mrundi? Wa jinsia gani? Kabla hujafika kwenye swali la umeishi na nani, umeshatolewa kwenye foleni.

Ningekuwa na kalamu ya mbunge badala ya kalamu ya gazeti, ningeanza na kifungu cha 11. Neno moja tu, mwanamke liwe mtu. Halafu ningeweka muda wa watu kujitokeza na kusajili ndoa zao za kweli bila kukamatwa, wenyeviti wa vitongoji na majirani wakiwa mashahidi, maana huku kila mtu anajua nani ameishi na nani tangu lini. Kwa nyumba ya tatu karatasi si hatua ya kwanza, mtu hawezi kuomba kibali akiwa anawindwa. Huko hatua ya kwanza ni kifungu cha 154 kiache kuingia vyumbani mwa watu wazima waliokubaliana. Katiba yetu hiyo hiyo, ibara ya 16, inasema kila mtu anastahili heshima na hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na unyumba wake. Haikusema kila mtu isipokuwa fulani.

Habari iliyochapishwa gazetini ilikuwa na takwimu za mabasi na waliorejea. Mhariri alikata aya moja ya wanandoa waliotenganishwa, akasema nafasi ni finyu. Sina ugomvi naye, nafasi huwa finyu kweli. Ndiyo maana nimeiweka hapa, nikaongeza na wale ambao wasingepata nafasi hata kama gazeti lingekuwa na kurasa mia.

Kwa leo niishie hapa. Wewe uliyelijibu swali langu la mwanzo kimoyomoyo, jiulize ulipolijibu ulikuwa unamfikiria nani: mke, mume, au mtu ambaye hujawahi kumtaja jina lake nyumbani kwenu?